Kuirudia Land Rover ya Zamani Iliyokwama Bandani

Katika miji ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Mbeya na Tukuyu, si vigumu kukuta Land Rover ya miaka ya 1970 imeegeshwa nyuma ya nyumba, matairi yameisha upepo, turubai limechanika juu ya boneti, na nusu ya injini imo ndani ya ndoo. Mara nyingi mwenyewe hakuitelekeza kwa kupenda. Alianza kuitengeneza kwa moyo wote, kisha fedha zikakata, fundi akahama, watoto wakaingia sekondari, na miaka ikapita. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo. Ninauandika kutokana na kazi niliyoifanya kwenye gari langu mwenyewe, Land Rover Series III ya mwaka 1976 yenye chasisi ndefu ya inchi 109, ambayo ilikaa bandani Uyole, Mbeya, kwa miaka 11 kabla sijaishika tena.

Nilipokaa chini na kutafakari kilichonikwamisha mara ya kwanza, niligundua kwamba hakikuwa ugumu wa kazi. Nilikuwa nimefungua sehemu nyingi mno kwa wakati mmoja: hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ilikuwa gereji, gia boksi ilikuwa sakafuni, waya za taa zilikuwa zimeng'olewa, na milango ilikuwa imeegemezwa ukutani ikisubiri rangi. Kwa hiyo ninaanza na sharti ambalo sehemu zote zinazofuata zinalitegemea: usifungue sehemu mpya kabla hujaifunga ile iliyokwisha kufunguliwa, na ulifanye gari liwake, litembee na lisimame kabla hujafikiria kulipendezesha.

Siku mbili za mwanzo usiguse spana hata moja. Chukua daftari, toa kila kopo, kila ndoo na kila boksi, mwaga vitu juu ya turubai safi, na uandike kilichopo na kinachokosekana. Piga picha za kila upande wa gari kwa simu. Mimi nilikuta boliti za gia boksi na za hedi zimechanganywa ndani ya kopo moja la siagi, na ilinichukua mchana mzima kuzitenganisha kwa kupima urefu wake na kulinganisha na matundu. Fundi niliyempa kabureta miaka ile aliirudisha bila vipande vyake viwili vidogo, nami sikuikagua siku hiyo. Niliyagundua hayo nilipokwisha kuchelewa. Kila kitu kinachotoka mikononi mwako kwenda kwa fundi kiandikwe na kipigwe picha, na kirudipo kikaguliwe hapohapo mbele yake.

Katika siku hizohizo angalia zana zako. Nati za Land Rover ya enzi hiyo nyingi ni za inchi, wakati seti za spana zinazouzwa kwa wingi kwenye masoko ya Mwanjelwa mjini Mbeya au Mlandege mjini Iringa ni za milimita. Nati ya nusu inchi ina milimita 12.7, hivyo spana ya 13 huingia kwa ulegevu na kuzila pembe zake. Ya inchi 9/16 ina milimita 14.3, hivyo spana ya 14 haiingii kabisa na ya 15 huharibu. Spana nne au tano za inchi, hasa 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4, zitakuokolea boliti ambazo zikikatikia ndani ya bloku ya injini zitakupotezea wiki nzima. Boliti zilizoshikana na kutu zipulizie mafuta ya kulegezea jioni, uziache zilale, na urudie asubuhi kabla ya kutumia nguvu.

Sasa ingia chini ya gari. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu kwa sehemu kubwa, kwa sababu gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ilhali aluminiamu ilipatikana. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima kwa nje huku chasisi yake ya chuma imeoza. Chukua nyundo ndogo na ugonge chasisi taratibu kuanzia mbele hadi nyuma, ukisikiliza: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa hutoa mlio uliokufa na magamba ya kutu hudondoka. Palipo na shaka choma kwa bisibisi ya zamani, na ikipenya hapo pana kazi. Tazama kwa makini boriti ya nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na mahali springi zinaposhikiliwa, kwa kuwa tope hujaa humo na kuziba matundu ya kutolea maji. Gari lililokaa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, litakuwa na hali tofauti kabisa na lililokaa upande wa Pawaga au Izazi kwenye ukavu, hata kama yametoka kiwandani mwaka mmoja.

Uamuzi mkubwa wa kazi nzima unafanyika hapa. Kama kutu imekula sehemu mbili au tatu, zikatwe mpaka pafikiwe chuma safi na kuchomelewa bati la milimita 2, betri na alteneta zikiwa zimefunguliwa waya kwanza. Kama imekula chasisi kutoka mbele hadi nyuma, ni heri kutafuta chasisi nzima kwenye gari lililokufa kuliko kuziba viraka juu ya viraka. Pati, ile dawa ya kuzibia mashimo ya bodi, haina nafasi yoyote kwenye chasisi, na fundi anayekuambia ataisawazisha kwa pati umshukuru na uende kwa mwingine. Kagua pia ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, maana huo si aluminiamu na huoza kwenye pembe zake za chini. Mahali aluminiamu inapokutana na chuma utaona unga mweupe. Metali hizo mbili zikilowa pamoja huliana, hivyo ukizirudisha weka rangi nzito au kipande cha mpira katikati.

Injini ninaitolea maelezo marefu zaidi kwa sababu ndiyo inayoharibiwa na pupa. Ya Series III ya petroli ina ujazo wa lita 2.25 na silinda nne, ni injini mvumilivu, lakini haivumilii kuvutwa kwa gari jingine ikiwa imetiwa gia baada ya kulala miaka mingi. Kutu nyembamba huwa imeshika ringi za pistoni kwenye kuta za silinda, na ukiilazimisha ringi huvunjika. Kwanza safisha chujio la hewa na njia zake, kwani panya hupenda kuweka viota humo. Mimi nilitoa manyoya na maganda ya mahindi yaliyojaa viganja viwili. Kama hedi iko mahali pake, fungua plagi zote nne, mimina vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia boksi ya otomatiki ndani ya kila silinda, na uiache kwa siku nne au tano ukiongeza kila jioni.

Baada ya hapo tia gari gia huru na uchukue hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Usikanyage wala usipige nyundo. Sukuma kwa uzito wa mwili, kisha rudisha, kisha sukuma tena. Yangu haikusogea siku tatu. Fundi mzee wa Mwanjelwa niliyemwita aliweka kiganja juu ya hendeli, akaibonyeza kidogo na kuiachia. Nilipomuuliza, "Mzee, tuongeze bomba ili tupate nguvu?" alijibu, "Hapana, mwanangu, ongeza siku." Siku ya sita hendeli ilishuka kama upana wa vidole viwili, ikarudi, ikashuka tena, na kabla ya jua kuzama ilikuwa imezunguka mzunguko kamili huku dizeli nyeusi ikipanda na kushuka ndani ya silinda.

Injini ikishazunguka kwa urahisi, mwaga oili yote ya zamani pamoja na hiyo dizeli iliyoteremka, badilisha chujio, tia oili mpya, na uzungushe kwa stata plagi zikiwa bado nje mpaka taa ya oili izimike. Hapo utajua oili imefika kwenye bearingi kabla injini haijapokea mzigo. Ikiwa hedi ilikwisha kufunguliwa, kama yangu, tumia nafasi hiyo kuipeleka kwa mchongaji wa vyuma akague unyoofu wake na siti za valvu. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara iliachwa kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na bila risasi hiyo siti za valvu za moshi zilizo laini huliwa taratibu. Kuwekewa siti ngumu wakati hedi iko mezani ni gharama ya mara moja. Boliti kubwa za hedi zikazwe kwa spana ya kipimo hadi paundi-futi 65, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Vipimo vya kuwashia ni vichache na ni vizuri kuviandika kwenye jalada la daftari. Platini, zinazokata na kuunganisha umeme wa cheche, ziwe na mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40, plagi milimita 0.75 hadi 0.80, tapeti za valvu milimita 0.25, na mpangilio wa moto wa silinda ni 1-3-4-2. Petroli iliyolala miaka hugeuka kuwa kama gundi yenye harufu kali; imwage yote, ng'oa tangi lioshwe, na kama limetoboka usikubali lichomelewe likiwa na mvuke wa petroli ndani, kwa sababu hulipuka na kuua. Mipira yote ya petroli ibadilishwe hata ile inayoonekana mizima. Kabureta ya Zenith inayokuja na gari hili ina tatizo lake linalojulikana: sehemu zake mbili zinapokutana hupinda kwa kukazwa kupita kiasi, hewa hupenya, na injini hukataa kutulia. Iweke juu ya kioo bapa uone kama inacheza.

Urekebishaji wa mchanganyiko wa kabureta ufanyike hukuhuku juu. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, na kabureta iliyopimwa Dar es Salaam itamwaga petroli kupita mahitaji na kuzifanya plagi ziwe nyeusi kwa masizi. Kwa sababu hiyohiyo maji yasiyo na shinikizo huchemka hapa kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta wenye springi iliyochoka hauwezi kupuuzwa. Usitie maji matupu. Changanya na dawa ya kuzuia kutu na kuganda, hasa kama utapanda Kitulo au Makete miezi ya Juni na Julai.

Breki hazina majadiliano. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na baada ya miaka mingi masta silinda na silinda za magurudumu huwa zimechimbika kwa kutu ndani. Nilibadilisha zote pamoja na mipira yake na mabomba ya chuma, nikatumia mafuta ya DOT 4, nikatoa hewa nikianza na gurudumu la mbali zaidi. Mtu asikushauri kutia oili ya injini pale mafuta ya breki yanapokosekana, kwa kuwa huvimbisha mipira na breki zikashika au zikapotea kabisa. Anayekaa nyanda hizi atashuka Iwambi au Kitonga siku moja, na mteremko hausubiri.

Waya zilizoguguniwa na panya zibadilishwe moja moja, rangi kwa rangi, huku betri ikiwa imefunguliwa. Vipuri vya Land Rover hizi bado vinatengenezwa, na vingi hupatikana Dar es Salaam na kutumwa kwa basi. Taja namba ya chasisi na utume picha ya kipuri cha zamani kabla ya kulipa. Hakikisha pia namba za chasisi na injini zinalingana na kadi ya gari, na kama kadi ina jina la mtu mwingine maliza uhamisho TRA kabla ya kutumia fedha nyingi.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya asubuhi. Mimi nilitoka Uyole hadi Igawilo na kurudi, nikasimama kila baada ya kilomita mbili kugusa vikombe vya magurudumu. Kimoja kilikuwa cha moto kiasi cha kutoshikika, na nilipokifungua nikakuta lini ya breki inaburuza. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, kaza upya boliti za hedi, pima tapeti tena, na tazama chini ya gari panapovuja.

Rangi iwe ya mwisho kabisa, na usiipige wakati wa mvua wala katika ukungu wa Juni, kwa kuwa unyevu hunaswa chini yake. Subiri Septemba au Oktoba, kwaruza aluminiamu mpaka ing'ae, tia praima maalumu ya aluminiamu siku hiyohiyo, na uanze na mlango mmoja tu, uumalize na kuurudisha kwenye bawaba zake, kabla hujaugusa wa pili.