Kuunda Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Anza na Skrini

Wengi wanaotaka kuunda kompyuta ya gemu huanza kwa kuulizia prosesa (chipu inayofanya mahesabu ya kompyuta), ilhali kinachopaswa kuamuliwa kwanza ni skrini. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zipatazo milioni 2.07, na ya 4K ina takriban milioni 8.29, yaani mara nne, na kadi ya michoro hulazimika kuzichora zote upya katika kila fremu, yaani kila picha moja ya mfululizo unaouona. Vilevile, skrini ya hezi 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, haiwezi kukuonyesha zaidi ya fremu 60 kamili kwa sekunde, hata kadi yako ikitoa 150. Kwa anayecheza gemu za mpira, za magari na za vita, skrini ya 1080 yenye hezi 144 inatosha kabisa, na uamuzi huo peke yake unakuondolea haja ya kadi za bei ya juu.

Baada ya hapo, kadi ya michoro na ichukue fungu kubwa la bajeti, kati ya theluthi na nusu. Radeon RX 6600, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na gigabaiti 8 za kumbukumbu, bado inazimudu gemu nyingi katika 1080. GeForce RTX 3060 ya gigabaiti 12 ina nafasi zaidi kwa gemu mpya zinazokula kumbukumbu. Uwe makini hapa, kwa sababu RTX 3060 iliuzwa pia katika toleo la gigabaiti 8, ambalo njia yake ya kumbukumbu ni ya biti 128 badala ya 192, na utendaji wake ni wa chini ingawa jina ni lilelile. Isome namba ya kumbukumbu kwenye boksi kabla hujaanza kupatana bei.

Prosesa ya viini 6 inatosha. Ryzen 5 5600 ya kampuni ya AMD hutumia soketi (tundu la prosesa kwenye ubao mama, ule unaounganisha sehemu zote) ya AM4 na RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya aina ya DDR4, ambavyo ni rahisi kuvipata vikiwa vimetumika. Soketi ya AM5 inakubali DDR5 pekee na inagharimu zaidi, lakini AMD imeahidi kuiendeleza hadi mwaka 2027 na kuendelea, kwa hiyo inamfaa anayepanga kubadilisha prosesa baadaye bila kununua ubao mama mwingine. Kwa upande wa Intel, herufi F katika Core i5-12400F inamaanisha kwamba prosesa haina michoro ya ndani, na bila kadi ya michoro, skrini haitaonyesha chochote.

Nunua RAM vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kisha uwashe XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili) ndani ya BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama), la sivyo RAM uliyoilipia kasi ya 3200 inaweza kubaki kwenye 2133 au 2400. Kwenye SSD, yaani hifadhi ya gemu na mafaili, tafuta ukubwa kuliko kasi. Taa za rangi, kasha la kioo na upoozaji wa maji havikuongezei fremu za maana.

Pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ndiyo sehemu ambayo sikubali ibanwe. Nembo ya 80 Plus hupima ni kiasi gani cha umeme kinachopotea, wala haithibitishi kwamba kuna kinga dhidi ya hitilafu, hivyo chagua chapa inayoaminika yenye wati 550 na dhamana ya miaka kadhaa. Baadhi ya zile za bei ya chini zina swichi nyekundu ya volti 115 na 230 kwa nyuma; ikiwa kwenye 115 nawe ukaichomeka kwenye umeme wetu wa Tanzania au Kenya, itaungua papo hapo.

Kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ni njia nzuri ya kuanzia, ila kasha dogo hupokea kadi fupi kwa kimo (low profile) tu, na mara nyingi pawasaplai yake haina waya wa ziada wa kadi. Nafasi ya kadi kwenye ubao hutoa wati 75 pekee, kwa hiyo tafuta GTX 1650 fupi isiyohitaji waya huo. Ukinunua kadi iliyotumika, omba ichezeshwe gemu nzito kwa nusu saa mbele yako, ukiangalia joto, sauti ya feni na madoa kwenye picha, ndipo utoe fedha.