Jinsi ya kuomba cheti cha umahiri cha IECEx ukiwa fundi umeme Unguja au Pemba

Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze kwenye jua la Mtoni. Kwa hiyo taa, swichi au mota iliyo karibu na mdomo wa tangi haiwezi kuwa ya dukani tu. Lazima iwe imejengwa na kupimwa kwa kazi hiyo, na iwe na cheti. Hilo mafundi wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba mfumo wa IECEx, ambao hutoa vyeti vya vifaa hivyo, hutoa pia cheti kwa mtu anayevifunga, kuvitengeneza na kuvikagua. Cheti hicho huitwa CoPC. Kinabeba jina lako, si la kampuni. Ukihama kazi unahama nacho.

Maombi mengi hukwama kwenye faili, hata kabla ya mtihani. Fundi anajua kazi, lakini karatasi zake hazisemi kazi ipi, mahali gani, kwa kifaa cha aina gani.

Chagua yuniti kabla ya kujaza fomu

Umahiri umegawiwa kwa yuniti, na neno Ex mbele ya kila namba ni alama ya mazingira yenye hatari ya mlipuko. Ex 000 ni ya anayeingia tu eneo la hatari: mlinzi, mpaka rangi, dereva wa gari la mafuta. Ex 001 ni misingi ya kinga, nayo ndiyo mlango wa zote zinazofuata. Ex 002 ni kugawa maeneo ya hatari kwa zoni, kulingana na mara ngapi gesi au vumbi la kuwaka linatarajiwa kuwepo. Ex 003 ni kufunga vifaa na nyaya, Ex 004 matengenezo, Ex 005 kufumua na kukarabati (hii ndiyo ya wasokotaji mota), Ex 006 upimaji, Ex 007 ukaguzi wa macho na wa karibu, Ex 008 ukaguzi wa kina. Ex 009 ni ya msanifu na Ex 010 ni ya anayekagua mfumo mzima.

Usiombe zote. Kila yuniti ina tathmini yake, ada yake na ushahidi wake. Fundi wa vituo vya mafuta anayefunga na kutengeneza aanze na 001, 003 na 004. Akiwa ndiye pia anayezunguka na daftari la ukaguzi, aongeze 007. Kuomba 008 bila ya kuwahi kufungua boksi hata moja kwa ukaguzi wa kina ni kujitafutia masuali usiyokuwa na majibu yake.

Ndani ya yuniti kuna jambo jengine la kuchagua: aina za kinga. Herufi d ni boksi linalostahamili mlipuko wa ndani yake lenyewe, e ni kifaa kilichojengwa kisitoe cheche wala joto la ziada, i ni mzunguko wenye nguvu ndogo mno kuweza kuwasha gesi, m ni sehemu iliyozamishwa ndani ya gundi, na t ni kinga ya vumbi. Utapimwa kwa zile ulizozitaja, na cheti kitaandika hizo hizo. Tazama kazi zako kabla ya kuandika. Pampu ya petroli kwa kawaida ina d na e, na m kwenye koili ya valvu. Kipimo cha kina kilichozama ndani ya tangi huwa ni i. Fundi anayeomba d na e peke yake halafu akatumwa kubadilisha kipimo cha tangi, anafanya kazi iliyo nje ya cheti chake.

Tafuta taasisi ya kukupima

IECEx yenyewe haikupi cheti. Kinatolewa na taasisi zilizokubaliwa, zinazoitwa ExCB. Orodha yake iko wazi kwenye tovuti ya IECEx. Chuja zile zinazopima watu, kwa sababu nyingi zinashughulika na vifaa tu. Hapa visiwani utakuwa unaandikia nje: Afrika Kusini, Ulaya au Asia.

Andika barua pepe moja na uulize mambo haya kwa pamoja: yuniti zipi wanazipima, tathmini inafanyika wapi, wanaweza kumtuma mpimaji kwako ikiwa mtakuwa kikundi, lugha ya mtihani ni ipi, na ukianguka sehemu moja unarudia hiyo tu au yote. Jibu la kuhusu kikundi lina uzito kwenye mfuko. Mafundi sita au wanane kutoka kampuni tofauti wakijikusanya, nauli na malazi ya mpimaji mmoja ni rahisi kuliko tiketi nane. Lakini lazima muwe na banda lenye vifaa vya kufanyia vitendo, visivyo na umeme na vilivyo mbali na mafuta.

Jihadhari na kitu kimoja. Kuna watoa mafunzo wanaotambuliwa na IECEx, na kuna wengi wasiotambuliwa. Wote hutoa cheti cha kuhudhuria chenye mihuri ya kupendeza. Hicho si CoPC. CoPC ina namba, na namba hiyo hutafutwa mtandaoni na mtu yeyote. Isipoonekana kwenye orodha ya IECEx, huna cheti.

Faili lenyewe

Waraka wa IECEx unaoorodhesha yanayotakiwa kwa mwombaji ni OD 502, na yale utakayopimwa yamo ndani ya OD 504. Zipakue zote mbili. OD 504 uisome na kalamu mkononi, kwa sababu kila mstari wake unaweza kuwa suali.

Utahitaji fomu ya ExCB, picha, kitambulisho, maelezo binafsi ya kazi, vyeti vya masomo na ushahidi wa uzoefu. Kwa kitambulisho tumia pasipoti, hata kama Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinakubaliwa, maana huenda utasafiri. Kisha linganisha majina. Cheti cha skuli kinasema majina mawili, cha Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kinasema matatu, pasipoti imeandika la babu kwa herufi nyengine. Mpimaji aliye nje hajui kwamba huyo ni mtu mmoja. Tengeneza hati ya kiapo ya majina mapema, na vyeti vilivyo kwa Kiswahili vipeleke kwa mfasiri anayetambulika.

Cheti cha ufundi umeme cha vituo vya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji, au cha Taasisi ya Karume pale Mbweni, kinathibitisha kwamba wewe ni fundi umeme. Hakisemi lolote kuhusu maeneo ya milipuko. Hilo linasemwa na barua za waajiri, na hapo ndipo faili nyingi zinapokufa. Barua ya kawaida huandikwa hivi: "Tunathibitisha kuwa ndugu huyu amefanya kazi nasi kwa uaminifu na bidii." Uaminifu haupimwi hapa. Mwombe mwajiri aandike hivi:

"Kuanzia Machi 2021 hadi Agosti 2023 alifunga na kutengeneza pampu nne za petroli zenye alama Ex db eb mb IIA T3 Gb katika zoni 1, pamoja na kubadilisha gilandi, kupima insulesheni na kutunza rekodi za ukaguzi, chini ya usimamizi wa mhandisi wa kituo."

Sentensi moja, na mpimaji anajua muda, kifaa, kinga, zoni na kazi. (Ndani ya alama hiyo d, e na m ni aina za kinga, IIA ni kundi la gesi, T3 ni daraja la joto la uso, na Gb ni kiwango cha kinga.) Sambamba na barua weka jadweli lako mwenyewe: tarehe, mahali, zoni, alama ya kwenye kibati, ulichofanya, aliyekusimamia. Picha zinasaidia, ila simu yako si kifaa cha Ex. Mpimaji akiona picha ya simu iliyopigwa juu ya mdomo wa tangi lililo wazi, picha hiyo inakushitaki badala ya kukutetea.

Sio kila kiwanda chenye harufu kinahesabika. Jenereta ya dizeli peke yake haitoshi, kwa sababu dizeli haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 55. Mafuta ya karafuu yanakwenda mbali zaidi, kwenye nyuzi 100 na ushei, kwa hiyo kufanya kazi kiwanda cha makonyo Wawi si ushahidi kwa jina lake tu. Onesha mchoro wa zoni kama upo. Ghala la gesi ya kupikia, kwa upande mwengine, ni ushahidi mzuri. Vumbi la unga wa ngano nalo lina zoni zake, 20, 21 na 22.

Siku ya tathmini

Kuna nadharia na kuna vitendo. Kwenye nadharia, joto la juu kabisa la uso wa kifaa kwa kila daraja liwe kichwani: T1 ni nyuzi 450, T2 300, T3 200, T4 135, T5 100, T6 85. Petroli inataka kundi la gesi IIA na T3 au namba ya juu yake (T4, T5, T6). Asetilini ni IIC. Kibati kisichotaja joto la hewa maana yake ni kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 40 juu. Boksi lililopigwa jua chini ya bati mwezi wa Februari linaweza kuivuka 40 hiyo. Namba ya cheti cha kifaa ikiishia na X, kuna masharti maalumu ya kusomwa ndani ya cheti. Ikiishia na U, hicho ni kipande tu na hakifungwi peke yake. Watu wanazichanganya mbili hizi kila mara.

Vitendo ndivyo vinavyoangusha. Utapewa boksi la d lenye makosa yaliyofichwa. Fungua, safisha nyuso zinazokutana, tazama mikwaruzo na kutu. Hewa ya chumvi yetu inazila nyuso hizo haraka. Usipake rangi wala silikoni inayoganda. Grisi isiyoganda inaruhusiwa. Hesabu bolti: ikikosekana moja, boksi limekufa. Gilandi (kibanio cha kebo inapoingia boksini) ya kawaida ya shaba kwenye boksi la d ni kuanguka hapo hapo, na nyuzi za skurubu zinazoshikana zisipungue tano kamili. Kizuizi kigumu mbele ya ungio la bapa kiwe mbali kwa milimita 10 kwa IIA, 30 kwa IIB, 40 kwa IIC.

Kwenye i wanapenda hesabu. Volti na mkondo unaotoka kwenye bariya (kifaa kinachozuia nguvu inayokwenda eneo la hatari) usizidi ule unaokubaliwa na kifaa, na kapasitansi ya kebo pamoja na ya kifaa isizidi ile bariya inayoruhusu. Tamino za i ziwe mbali na nyengine kwa milimita 50. Kwenye e, waya mmoja kwa tamino moja, isipokuwa cheti kinasema vyengine, na skurubu zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji.

Kabla ya kugusa chochote, sema kwa sauti unachofanya: kibali cha kazi, kukata umeme, kufunga kufuli, kupima kwamba hakuna umeme. Mpimaji hawezi kukupa alama kwa ulilolifikiri kimoyomoyo. Ukitaka kupima insulesheni kwa volti 500, kwanza thibitisha kwamba gesi haipo.

Baada ya cheti

Kikija, soma kila herufi: jina, yuniti, kinga, mipaka. Kosa la tahajia lirudishwe wiki hiyo hiyo. Muda wake ni miaka 5. Anza kuomba upya miezi sita kabla, na jadweli lako liwe limeendelea kujazwa muda wote huo, kwa sababu utaulizwa ulichofanya tangu kilipotoka.

CoPC haichukui nafasi ya vibali vya hapa. Vituo vya mafuta viko chini ya ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, na leseni yoyote inayodaiwa kwa kazi ya umeme inabaki kudaiwa. Unapoleta kifaa kipya kutoka nje, uliza Taasisi ya Viwango Zanzibar kabla ya kulipa, si mzigo ukishafika bandari ya Malindi. Na kabla ya kuukubali, ingiza namba ya cheti cha kifaa kwenye orodha ya IECEx, kisha ulinganishe modeli neno kwa neno na kibati.