Kuunda nyumbani boti ndogo ya mbao ya mashine ya kupachika: hatua tulizofuata Sahare

Mwezi uliopita mimi na mtoto wa kaka yangu tulishusha majini, hapa Sahare, Tanga, boti ya mbao ya futi 14, ya mashine ya kupachika (injini inayofungwa kwa vibano nyuma ya boti), tuliyoiunda chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Ilituchukua wiki kumi na moja za kufanya kazi jioni na siku za Jumamosi. Kwangu ilikuwa boti ya tatu, na kwake ilikuwa ya kwanza. Kwa kuwa rafiki zake wawili sasa wanataka kuunda za kwao, ameniomba niziandike hatua zote mahali pamoja ili nisiulizwe jambo lile lile kila nikitoka msikitini.

Boti ninayoizungumzia si mashua wala ngalawa. Ni boti ya plaiwudi iliyowambwa juu ya mataruma (viunzi vya ndani), yenye omo, yaani sehemu ya mbele, iliyochongoka, mbavu (pande) nyoofu na tumbo lenye pembe ya wastani ambayo hulala kadiri inavyokaribia shetri, yaani ubao wa nyuma. Umbo hili lilienea sana Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi isiyoachia majini ilipoanza kupatikana kwa watu wa kawaida, na michoro ya wakati huo bado inapatikana kwa bei ndogo au bure. Tumia mchoro. Fundi wa mashua wa Pangani hahitaji karatasi, kwa sababu jicho lake limefundishwa tangu utoto. Mimi na wewe hatuna jicho hilo, na boti yangu ya kwanza, niliyoibuni mwenyewe, ililalia ubavu mmoja mpaka siku nilipoipasua kuni.

Mbao, plaiwudi na gundi

Kwa mkuku (uti wa chini wa boti), fashini ya omo (mti wa mbele kabisa) na mataruma natumia mvule au mkangazi. Mtiki wa Longuza, kule Muheza, nao ni mbao nzuri isiyooza upesi, lakini una mafuta yanayoikataa gundi, kwa hiyo ukiutumia ni lazima ufute uso wa kiungo kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, wala si siku moja kabla. Vumbi la mvule huwasha pua na koo, basi vaa barakoa hata kama jirani atakucheka. Unyevu wa mbao usizidi asilimia 15.

Plaiwudi inahitaji tahadhari zaidi. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba “marini”, utaletewa bodi yenye utando laini wa kahawia au mweusi, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Jina lisikudanganye. Utando ule haushiki gundi wala rangi, na mara nyingi katikati ya matabaka mna mapengo ambayo huwezi kuyaona mpaka uikate. Plaiwudi halisi ya boti huuzwa kwa kiwango cha BS 1088, na haina mapengo hayo. Ukiikosa, tafuta plaiwudi ya kawaida ya mbao ngumu yenye gundi ya kustahimili maji, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kikaushe juani, kisha ukichemshe tena. Kikiachia tabaka hata moja, rudisha bodi dukani. Utahitaji bodi mbili za milimita 6 kwa mbavu, nne za milimita 9 kwa tumbo, na moja ya milimita 18 kwa shetri.

Kuhusu gundi sina mjadala: tumia epoksi, ile gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa. Najua resini ya poliesta inayotumiwa kutengenezea matangi na boti za faiba ni ya bei nafuu, na najua wako watakaokuambia kwamba wameitumia kwenye mbao bila tatizo. Waulize wameitumia kwa miaka mingapi. Poliesta haishiki mbao ipasavyo, na maji yakishaingia chini yake hubanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa.

Skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316. Sumaku haitakusaidia kutofautisha 316 na 304, hivyo angalia alama kwenye pakiti.

Jukwaa na mataruma

Boti hii huundwa kifudifudi, mkuku ukitazama juu. Tengeneza jukwaa kwa mbao mbili za inchi 2 kwa 6 zilizosawazishwa kwa pimamaji, kisha chora, kata na simamisha mataruma kwa nafasi zilizoonyeshwa kwenye mchoro. Nyosha uzi kutoka omo hadi shetri na uhakikishe kwamba kila taruma limegawanywa nao katikati, halafu pima kwa mshazari kutoka kila upande. Vipimo viwili vya mshazari visipolingana, boti imepinda, na haitanyooka baadaye kwa kuombewa.

Kabla ya kuendelea, lala chini na utazame futi tano za mwisho za tumbo. Weka rula ndefu ya alumini juu ya mataruma ya nyuma. Iguse yote bila kuacha mwanga. Tumbo likiwa na bonde hapo, boti itainamisha pua ikishika kasi. Likiwa na kinundu, itakuwa inarukaruka kama chura hata bahari ikiwa shwari.

Shetri, na kosa lililonigharimu siku tatu

Mashine za kupachika huja na miguu ya urefu tofauti, na ile inayokuhusu ni ama mguu mfupi wa inchi 15, ama mrefu wa inchi 20. Kipimo hicho huanzia pale vibano vya mashine vinapokalia ubao hadi kwenye kibati cha mlalo kilicho juu kidogo ya rafadha (panga linalosukuma maji). Kibati hicho kinapaswa kuwa sawa na tumbo la boti, au chini yake kwa kiasi kisichozidi inchi moja. Kwa hiyo pata mashine kwanza, au angalau amua utanunua ipi, ndipo ukate ubao wa shetri. Mwenye haraka hukata kwanza kisha akatafuta mashine ya mtumba, na kwa bei ya mtumba utachukua utakayoipata. Mguu mrefu kwenye shetri fupi huburuta maji na kuyarusha ndani. Mguu mfupi kwenye shetri ndefu hunyonya hewa, mashine ikapiga kelele na boti isiende.

Gundisha vipande viwili vya ile bodi ya milimita 18 viwe ubao mmoja wa milimita 36. Ubao uegemee nyuma kwa nyuzi 12, yaani kwa kimo cha inchi 15 ncha ya juu iwe imetoka nyuma kwa inchi 3 na kidogo. Ukiusimamisha wima, mguu wa mashine hautapata nafasi ya kuvutwa ndani ili kuishusha pua ya boti, na boti itatembea ikiwa imeinua pua. Kimo cha shetri kipimwe kwa wima, katikati, kutoka kwenye tumbo hadi mahali vibano vitakapokaa. Usikipime kwa kufuata mwegemeo wa ubao.

Ndani, shetri ifungwe kwenye mkuku kwa goti (kipande cha mbao cha kona) la mvule, nene, ambalo nyuzi zake za mbao zinafuata kona. Nguvu yote ya mashine hupita hapo. Tena kwa kuwa shetri ya inchi 15 ni fupi kwa bahari yetu, hasa wakati wa kusi, jenga beseni mbele ya mashine, lenye ukuta wa ndani unaofikia kimo cha mbavu na matundu mawili ya kutolea maji nyuma. Wimbi likipanda litaishia humo. Mchoro wetu haukuwa na beseni. Tuliliongeza, na siku ya pili baharini lilikwisha kulipa gharama yake.

Matundu ya boliti yatoboe makubwa kuliko yanavyohitajika, yajaze epoksi iliyokorezwa kwa unga wake, iache ikauke, kisha toboa upya katikati ya epoksi. Kila ukingo wa plaiwudi uliokatwa upakwe epoksi mara tatu. Shetri nyingi nilizoziona zikioza zilianzia kwenye tundu moja la boliti ambalo mtu aliliacha wazi.

Sasa nije kwenye lile kosa. Boti yangu ya pili ilikuwa na vipimo hivi vyote sawasawa, na bado mashine ilikuwa inanguruma na kupoteza nguvu kila nilipotaka kushika kasi. Siku ya kwanza niliishusha mashine nusu inchi. Siku ya pili niliipandisha inchi nzima, kisha nikabadilisha rafadha kwa fedha ambazo sikuwa nazo. Siku ya tatu nilikuwa nimeshamwita fundi wa mashine, naye amefungua na kufunga bila kuona ubaya wowote, pale mzee mmoja nahodha alipopita akielekea kwenye ngalawa yake. Boti ilikuwa imelala ubavu mchangani. Hakuigusa mashine. Alipitisha kiganja juu ya ule ufito wa mkuku unaotokeza nje ya tumbo, akaufuata taratibu hadi nyuma, akasimama mahali ulipoishia, pembeni kabisa mwa shetri, mbele ya rafadha.

“Bwana fundi,” akasema, “huu mkuku wako unaichafulia rafadha maji. Inakula povu.”

Niliukata kwa msumeno papo hapo, inchi 16 kutoka shetri, nikauchonga kwa randa ili ushuke polepole hadi kuwa sawa na tumbo. Bahari ilipojaa, boti ilikwenda. Ufito ule husaidia boti isiyumbe, kwa hiyo usiuondoe wote, lakini usiuache ufike mwisho. Mtoto wa kaka yangu, safari hii, alipouona umekatwa aliniuliza, “Ami, si ungeuacha ufike mwisho, ndiyo upendeze?” Nikamwambia upendezi huo nilishaulipia. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge kifaa chochote chini ya tumbo mbele ya rafadha, hata kikiwa kidogo namna gani.

Kuwamba plaiwudi

Bodi ni ya futi 8 na boti ni ya futi 14, kwa hiyo utaunganisha bodi mbili kwa mshazari wa uwiano wa 1 kwa 8, yaani ncha zichongwe mteremko wenye urefu mara nane ya unene wa bodi, kisha zilaliane kwa gundi: milimita 48 kwa bodi ya milimita 6, milimita 72 kwa ile ya 9. Zipange bodi kama ngazi pembeni mwa meza na uzichonge pamoja kwa randa iliyonolewa vizuri. Mistari ya matabaka itajitokeza kama utepe. Ikiwa imenyooka na kulingana upana, mshazari wako umenyooka. Mashine ya msasa itakuharibia hapa, tumia randa.

Wamba mbavu kwanza, kisha tumbo, kwa gundi na skrubu. Joto la Tanga huifanya epoksi igande haraka, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda wake karibu nusu, basi changanya kidogo kidogo na uimwage kwenye sinia pana badala ya kuiacha kwenye kopo, ambamo hujichemsha yenyewe. Kupaka mbao kufanyike alasiri joto linaposhuka. Ukipaka asubuhi, hewa iliyomo ndani ya mbao hutanuka kadiri jua linavyopanda na kukuachia mapovu uso mzima.

Faiba na rangi

Funika tumbo na viungo vyote kwa kitambaa cha faiba kilichofumwa, si ile mikeka ya nyuzi zilizokatwakatwa. Epoksi ikikauka, ioshe kwa maji na sponji kabla ya kupiga msasa, kwa kuwa hutoa utando wa kunata unaozuia rangi kushika. Kisha paka rangi ya boti, kwa sababu epoksi isiyofunikwa huharibiwa na jua.

Kuipindua, kuisajili na kuishusha

Watu sita wanatosha kuipindua. Fanya viti na sitaha ya omo, na ujaze povu gumu chini ya viti na pembeni mwa shetri, maana boti iliyojaa maji huzamia upande wa mashine. Kabla ya kuipeleka baharini imwagie maji ndani kwa mpira na uzunguke chini yake ukitafuta tone.

Kuhusu ukubwa wa mashine, Walinzi wa Pwani wa Marekani wana kanuni ninayoipenda: zidisha urefu wa boti na upana wa shetri kwa futi, zidisha jibu kwa 0.8, toa 25. Kwetu ni 14 mara 4.5, sawa na 63, na mwishowe nguvu za farasi 25 na kidogo. Hicho ni kikomo cha boti ya namna hii inayoongozwa kwa mkono, wala si lengo. Farasi 15 zilituchukua watu watatu bila taabu, na mashine ya kiasi hicho hubebwa na watu wawili.

Vyombo vidogo hukaguliwa na kusajiliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Nenda kwao boti ikiwa bado iko juu ya jukwaa, uliza wanachotaka kuona, na ununue majaketi ya kuokolea maisha ya idadi ya watu utakaowabeba.

Tuliishusha siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, ili tusiiburute kwenye mchanga. Mashine ifungwe pia kwa mnyororo mfupi kwenye goti, kwa kuwa vibano hulegea. Baada ya nusu saa ya kwanza tulirudi ufukweni, tukakaza vibano, ambavyo kweli vilikuwa vimelegea robo mzunguko, tukapangusa ndani kwa kitambaa kikavu na kukuta unyevu kidogo kwenye tundu la kutolea maji. Jioni tulilipaka upya lile tundu, na mashine tukaisuuza kwa maji baridi ya bomba ndani ya pipa.