Somo: Kufunga sanduku la safari ya kwanza ya meli kwenda Alaska

Tangu nilipoweka hapa kwenye kundi letu picha ya mama akiwa juu ya sitaha ya meli, kajitanda kanga juu ya jaketi la mvua, nimeulizwa maswali yaleyale kila siku. Bora niandike mara moja. Nazungumzia ile safari ya siku saba inayoondoka Seattle kati ya Mei na Septemba: bandari za Ketchikan, Juneau na Skagway, siku ya kutazama barafu, halafu Victoria ya Kanada kabla ya kurudi. Wa kuondokea Vancouver, mengi humu yanawahusu pia.

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza, kusikia Alaska tu akili ikaruka kwenye barafu. Nikanunua koti nene la manyoya, lile la watu wa Januari, likala nusu ya sanduku. Tulipofika Ketchikan mvua ilikuwa imeshaanza. Koti likanywa maji hadi likawa zito kama mtoto aliyelala. Nikalitundika bafuni, na siku ya tatu bado lilikuwa linatoa maji mikononi na harufu chumba kizima. Na nje hapakuwa na baridi ya ajabu, nyuzi 13 hivi. Mtu wa Makete angenicheka. Pwani hii ya Alaska wakati wa majira ya joto inamtesa mgeni kwa maji na upepo, si kwa barafu. Ketchikan peke yake hupata mvua zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, mara tatu ya Dar es Salaam. Ukilishika hilo, sanduku linajipanga lenyewe.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya nguo

Meli nyingi za njia hii zimesajiliwa nje ya Marekani, na sheria ya mwaka 1886 haiziruhusu kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kumrudisha hapohapo bila kugusa nchi nyingine. Ndiyo sababu ya kupitia Victoria, hata kama mnafika jioni na kukaa saa chache tu. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, achukue kadi yenyewe pamoja na pasipoti hai ya nchi yake. Viza ya Kanada haimhusu. Mgeni aliyekuja kututembelea huku Marekani kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Kanada, na ile ya Marekani iwe ya kuingia mara nyingi, kwa sababu kurudi Seattle ni kuingia upya. Hili ulianze miezi kadhaa kabla. Jaketi unaweza kununua hata wiki ya mwisho.

Hatua ya 2: Nguo tatu, moja juu ya nyingine

Hapa ndipo penye somo lenyewe, someni taratibu.

Ya kwanza inagusa ngozi: fulana nyepesi ya mikono mirefu, ya sufu laini au poliesta. Si pamba. Pamba tunaipenda, lakini ikilowa inang'ang'ania mwili na haikauki. Kama huniamini, loweka soksi moja ya pamba na moja ya sufu usiku, zikamue, zitundike bafuni, halafu uzishike asubuhi. Jinzi nazo ni pamba, ziache.

Ya pili inatunza joto: sweta la flisi, kile kitambaa laini chenye vinyoya, lile jepesi lenye zipu. Moja linatosha. Zipu ni muhimu kwa sababu utalifungua na kulifunga mara kumi kwa siku. Asubuhi ukungu, saa nne jua, saa sita mvua, saa nane jua tena.

Ya tatu inazuia maji na upepo: jaketi la mvua lenye kofia. Usidanganyike na lebo. Kuna majaketi yanayostahimili manyunyu kwa muda tu, na kuna yasiyopitisha maji kabisa. Unataka hayo ya pili. Geuza ndani uangalie mishono, iwe imefunikwa kwa utepe. Ukifika nyumbani, weka karatasi ya tishu kavu katika kila mfuko, livae, simama chini ya bomba la bafuni dakika tano. Tishu ikilowa, rudisha dukani na risiti yako. Mke wangu alinikuta nimesimama bafuni hivyo na viatu, hakuuliza kitu. Nunua saizi inayoachia nafasi ya flisi ndani.

Suruali ya mvua nyepesi ya kuvaa juu ya nguo nyingine ni ya hiari, ila atakayepanda boti ndogo kwenda kuona nyangumi ataikumbuka. Kina mama wa buibui na sketi ndefu: vaeni taitsi ya sufu ndani, na muwe na pini mbili tatu za kupandisha upindo. Shangazi yangu alikanyaga wake kwenye ngazi ya boti Juneau. Bahati nzuri baharia alikuwa na mikono mirefu.

Hatua ya 3: Hesabu

Kwa siku saba mimi sasa nabeba fulana tatu za ndani, flisi moja, sweta moja la kukalia ndani, jaketi, suruali mbili za kitambaa chepesi, soksi za sufu jozi nne, na viatu jozi mbili: vya kutembelea visivyopitisha maji na vya jioni. Viatu vipya uvivae wiki mbili kabla, usiende kuvunja ukakamavu wake milimani. Kofia ya kufumwa, skafu na glavu nyembamba ni za siku ya barafu. Mkiwa mbele ya barafuto, yaani ule mto wa barafu unaoshuka mlimani hadi baharini, hewa inayotoka pale ni kama umefungua friji ya bucha, na mtataka kusimama nje saa mbili nzima.

Ukiona sanduku limekuwa zito, jifariji na wale wa Skagway. Wakati wa kukimbilia dhahabu ya Klondike, ng'ambo ya mpaka huko Kanada, 1897 na 1898, polisi wa Kanada hawakumruhusu mtu kuvuka mpaka bila chakula cha mwaka mzima. Pamoja na vifaa, ilifika karibu tani moja kwa kichwa, nao waliipandisha mlimani mgongoni, safari baada ya safari.

Hatua ya 4: Begi la mkononi

Bandarini wapagazi watachukua sanduku lako, nalo laweza kufika mlangoni kwako jioni. Kwa hiyo dawa, karatasi, miwani, chaja na nguo ya kubadili ziwe mkononi. Pasi usibebe, wala birika la umeme. Vitachukuliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya hatari ya moto. Simu iweke kwenye hali ya ndegeni mara meli inapoondoka, maana mtandao wa baharini hutoza pesa za kulia.

Hatua ya 5: Vitu vidogo

Kulabu za sumaku. Kuta za vyumba vingi ni chuma, unabandika, unatundika jaketi lichuruzike. Darubini, walau moja kwa familia. Mifuko ya zipu ya kuwekea simu. Kitambaa cha kufunika macho ulalapo, maana Juni giza halikolei. Kanga mbili, sihitaji kueleza kazi zake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Columbus: Mwavuli je?*

Uache. Upepo wa bandarini utaugeuza ndani nje, na kwenye njia nyembamba utamtoboa mwenzio jicho. Kofia ya jaketi inatosha.

*Mwanachama wa Minneapolis: Assalamu alaykum. Tunakwenda Juni. Habari za swala zikoje, na kibla nikijueje meli ikizunguka?*

Wa alaykum salaam. Juneau mwezi huo jua huzama karibu saa nne usiku na kuchomoza karibu saa kumi alfajiri, na giza halikolei. Kuhusu isha na alfajiri muulize imamu wako kabla ya kuondoka, ratiba za simu hutofautiana. Kibla kitakushangaza: kwa njia fupi ya duara la dunia, kutoka Juneau ni karibu kaskazini moja kwa moja, kikiegemea mashariki kidogo tu. Dira ya simu huchanganywa na chuma cha meli. Fungua runinga ya chumbani, kuna chaneli ya ramani inayoonyesha meli imeelekea wapi, upate kaskazini yako. Msala uwe mwembamba.

*Mwanachama wa Mombasa: Shikamoo kaka. Baba mkwe anatapika hata kwenye feri ya Likoni. Atafika kweli?*

Marahaba. Mkishafika Alaska, sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, maji yametulia. Penye mawimbi ni pale mnapokuwa bahari wazi, hasa siku ya kwanza baada ya Seattle. Mchukulieni chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Tangawizi iwepo, na dawa ya kichefuchefu daktari wake aiangalie pamoja na dawa zake nyingine. Ainywe kabla, akishaanza kutapika mmechelewa.

*Mwanachama wa Kent: Jioni za kupendeza mtu avae nini? Na mama anataka kubeba visheti vyake.*

Kanzu na koti inakubalika kabisa, dera zuri pia. Mama alipigwa picha na wageni asiowajua usiku kucha. Visheti vya nyumbani huenda vikakataliwa mlangoni, meli nyingi hupokea vitafunio vya dukani vilivyofungwa tu. Mwambie avile Seattle.

Na dada, usiku wa mwisho masanduku hutolewa nje ya mlango yachukuliwe. Acha nguo ya kesho chumbani. Tulishuka Seattle na baba mmoja aliyevaa pajama na viatu vya ngozi, akitembea kwa heshima zake zote.