Jinsi ya kuingiza mazoezi ya treina kwenye malengo yako ya baiskeli

Treina ni ile mashine unayofungia baiskeli ndani ya nyumba, ukakanyaga pedali bila kwenda popote. Saa moja juu yake ni saa moja ya kazi: moyo unadunda, mapaja yanawaka, jasho linachuruzika. Iingie kwenye lengo. Ugomvi huanza pale lengo lilipoandikwa kwa kilomita, kwa sababu kilomita za ndani ni za kukokotolewa, na kila mashine ina hesabu yake.

Kilomita hizo zinatoka wapi

Treina inayobana tairi la nyuma kwenye rola huhesabu mizunguko ya gurudumu na kuizidisha kwa mzingo wa tairi. Tairi la 700x25 (namba ya mwisho ni upana wake kwa milimita) lina mzingo wa takriban milimita 2,105, na la 700x28 kama 2,136. Ukisahau kubadilisha namba hiyo, utakosea kwa asilimia moja na nusu tu, jambo la kusamehewa. Kosa kubwa liko kwenye ukinzani. Legeza rola, gurudumu lizunguke kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, na kompyuta ya baiskeli itaandika 40 bila haya, hata kama unatoa wati 110 (wati ni kipimo cha nguvu unayoitia kwenye pedali) ambazo kwenye barabara tambarare zisingekufikisha 30.

Treina za kisasa, ambazo unatoa gurudumu la nyuma na kuweka mnyororo moja kwa moja kwenye mashine, hupima wati. Programu kama Zwift huzigeuza wati kuwa kasi kwa kutumia uzito wako, mwinuko wa njia ya kwenye skrini na ukinzani wa hewa. Andika uzito pungufu kwa kilo 8, utapanda milima kama swala. Jifiche nyuma ya kundi, programu itakupunguzia upepo, utavuna kilomita nyingi kwa wati chache. Tena hakuna taa za kusubiri wala kona za kukufunga breki.

Chagua kipimo kulingana na lengo

Kama lengo ni afya, hesabu dakika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Dakika ya treina inaingia hapo nzima nzima. Wapo wanaoziongezea asilimia fulani kwa hoja kwamba ndani hakuna mteremko wa kupumzikia. Hoja yenyewe ni ya kweli, lakini nyongeza hiyo ni ya kubahatisha. Ukitaka kuthamini ugumu, tumia kipimo kinachoupima.

Kipimo hicho ni kilojuli. Zidisha wastani wa wati kwa sekunde, kisha gawanya kwa 1,000. Wati 160 kwa dakika 60 ni 160 × 3,600 ÷ 1,000, yaani kilojuli 576. Kilojuli ni zilezile popote zilipotoka. Zina faida ya pili pia: mwili hugeuza kama asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati yake kuwa kazi ya pedali, na kilokalori moja ni kilojuli 4.18, hivyo namba hizo mbili karibu zinafutana. Kilojuli 576 za pedali ni takriban kilokalori 576 zilizotumika mwilini, au zaidi kidogo. Hesabu hii ni ya kuaminika kuliko kalori za saa ya mkononi isiyojua wati.

Anayefuata programu ya mazoezi atataka alama za mzigo, ambapo saa moja kwenye kizingiti chako, yaani wati unazoweza kuhimili kwa takriban saa nzima, ni alama 100. Fomula: saa × (wati zilizosawazishwa ÷ kizingiti)² × 100. Wati zilizosawazishwa ni wastani unaozipa uzito zaidi nyakati ngumu; ukikanyaga kwa nguvu ileile muda wote, ni sawa na wastani wa kawaida. Hapa wengi huteleza. Watu wengi hutoa wati chache ndani kuliko nje, hasa kwa sababu ya joto. Tuseme kizingiti chako nje ni 220 na ndani 205. Saa moja ya wati 160 itapata alama 53 kwa kizingiti cha nje na 61 kwa cha ndani. Fanya jaribio ndani pia: dakika 20 kwa nguvu zote, zidisha wastani wake kwa 0.95, uweke vizingiti viwili.

Je, umeshaahidi kilomita 5,000 kwa mwaka na hutaki kubadili? Geuza kwa kutumia rekodi zako mwenyewe. Chukua safari 10 za nje zenye wati, jumlisha kilojuli na kilomita, ugawanye. Kilojuli 8,000 kwa kilomita 400 ni 20 kwa kilomita, kwa hiyo zoezi lile la 576 ni kilomita 29, hata kama skrini ilisema 36. Bila mita ya wati, zidisha saa za ndani kwa wastani wa kasi yako halisi ya nje, pamoja na milima na foleni zake.

Kuna hesabu moja ambayo treina nisingeiingiza kabisa: namba ya Eddington, iliyopewa jina la mwanafalaki Arthur Eddington, ambapo namba yako ni 50 ukiwa na siku 50 za kuendesha angalau maili 50. Ikichanganywa na maili za skrini, inapoteza maana yake.

Kurekodi bila kuharibu hesabu

Teua kinasa kimoja. Saa ikirekodi na programu nayo ikirekodi, zote mbili zikatuma, utapata mazoezi mawili ya saa ileile na wiki yako itavimba. Kwenye Strava, programu ya kuhifadhi mazoezi, hakikisha zoezi limewekwa kama la ndani au la njia pepe ili lisichanganyike na safari za barabarani. Zima GPS; ikiwashwa ndani ya nyumba huchora utando wa buibui na kuzua mita ambazo hukwenda.

Kabla ya kusawazisha treina, yaani kurekebisha vipimo vyake, ipashe moto dakika 10 hadi 15, kwa kuwa ukinzani hubadilika tairi na mashine vikipata joto. Kwa treina ya rola, jaza tairi upepo uleule kila mara na kaza kirungu mizunguko ileile, la sivyo huwezi kulinganisha wiki na wiki.

Weka feni mbele yako. Bila upepo, mapigo ya moyo hupanda taratibu ingawa wati hazijabadilika, na saa inayopima ugumu kwa mapigo itakusifu kwa joto la chumba. Mkanda wa kifuani husoma vizuri kuliko kihisi cha kwenye kifundo cha mkono, hasa unapobana usukani.

Yakitokea haya:

- Kilomita sifuri: kihisi cha kasi kiko kwenye gurudumu la mbele, nalo limesimama. Kihamishie nyuma, au soma data ya treina yenyewe.
- Muda unakatika: zima usitishaji wa kiotomatiki (auto-pause), maana kifaa kinadhani umesimama.
- Kalori mara mbili: saa na programu zote zinaandika kwenye jukwaa moja la afya. Iondolee moja ruhusa.
- Hatua hazipandi: ni kawaida, mkono umetulia. Lengo la hatua liache lilivyo, usitikise mkono kulidanganya.

Daftari la vipuri

Hapa treina lazima ihesabiwe, hata na anayeidharau. Mnyororo na giya za nyuma huchakaa ndani pia, kwa hiyo ongeza saa hizo kwenye rekodi yao na upime mnyororo kwa geji. Wa spidi 11 au 12 ubadilishe ukirefuka kwa asilimia 0.5. Tairi la nyuma huliwa na rola tu. Kwenye treina isiyotumia gurudumu, usiliandikie chochote. Jasho ni adui wa usukani na boliti zake: tandika taulo, na futa kila ukimaliza.