Somo: Hilux ya 22R-E inazima mlimani? Nozeli ziache kwanza

Wakuu, ugonjwa huu nakutana nao kila mara. Hilux ya zamani yenye injini ya 22R-E, kwenye lami inatembea vizuri, ikiingia makorongoni inakohoa, inamisi, inazima. Mwenyewe anafika akiwa ameshanunua nozeli 4 mpya (vile vifaa vya kunyunyizia petroli kwenye injini) na gari bado ni ile ile. Simcheki, maana mimi niliwahi kubadilisha pampu nzima kumbe shida ni mpira uliopasuka.

Kabla ya kushika spana: injini ipoe, kizima moto kiwe karibu, sigara iwe mbali. Bomba la petroli hubaki na presha hata gari ikiwa imezimwa.

1. Mpira wa hewa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Injini hii hupima hewa kwa kimlango kilichomo ndani ya mita ya hewa, jirani na filta. Hewa inayopenya baada ya hapo kompyuta haiijui, kwa hiyo petroli inayomwagwa haitoshi. Mpira mkubwa unaotoka kwenye mita kwenda throtoli (mlango wa hewa unaofunguliwa na ekseleta) una mikunjo, na ukiutazama kwa juu utasema ni mzima. Uvue, uukunje kwa vidole, uumulike na tochi. Nyufa hujificha upande wa chini, ndani ya mikunjo. Injini ikiegemea upande mlimani, hasa kama mpira wa kuishikilia umechoka, ufa unafunguka. Ukirudi tambarare unajifunga. Ndiyo maana ukifika gereji gari haina tatizo!

Jaribio: gari ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga ekseleta), fungua kifuniko cha kujazia oili. Injini iliyo sawa itayumba au itazima. Isipobadilika chochote, ujue hewa inaingia mahali pengine tayari. Kagua vimpira vya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), gasketi ya manifoldi, hata stiki ya oili kama imekaa sawasawa.

2. Ethi (nyaya za negativu)

Fungua nyaya za ethi kwenye betri, bodi na manifoldi, sugua mpaka chuma king'ae, funga. Haichukui muda.

3. Soma kodi (namba za hitilafu)

Kwenye kiboksi cha ukaguzi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, mguu usiwe kwenye ekseleta. Taa ya injini ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kodi. Kwenye matoleo yenye kodi za tarakimu mbili, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 mita ya hewa, 41 sensa ya throtoli. Kodi inakuonyesha njia ya umeme yenye hitilafu, kwa hiyo pima waya na soketi kabla ya kununua sensa.

4. Presha

Funga geji. Sailensa isome psi 33 hadi 38. Ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli) ipande hadi 38–44. Iko chini? Bana kidogo mpira wa kurudisha mafuta tangini. Ikipanda, regyuleta imechoka. Isipopanda, tazama filta na pampu. Ukikuta petroli ndani ya kimpira cha vakyumu, regyuleta imepasuka ndani, usihangaike zaidi. Zima gari usubiri dakika 5: presha isishuke chini ya 21.

5. Nozeli

Sasa ndiyo zamu yake. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli, sikio kwenye mpini. Zote zigonge tik-tik sawasawa. Iliyo kimya ipimwe soketi kwanza.

Maswali

*Fundi, yangu inawaka nikipiga stata, nikiachia ufunguo inazima hapo hapo.*

Hiyo inajieleza. Wakati wa stata pampu hupata umeme kwa njia ya stata yenyewe. Ukiachia, inategemea kiswichi kilichomo kwenye mita ya hewa. Washa swichi, fungua filta, sukuma kimlango taratibu kwa kidole. Pampu ikinguruma, kiswichi kipo sawa, rudi kwenye mpira wa hewa. Ikiwa kimya, pima rilei ya pampu na hicho kiswichi.

*Kaka, moshi mweusi na inakunywa balaa, lakini geji ya joto iko katikati. Sensa si nzima hiyo?*

Hapana, hizo ni sensa mbili tofauti. Ya geji ina waya mmoja, ya kompyuta ina waya mbili. Pima hiyo ya pili: kwenye nyuzi 20 isome kilo-omu 2 hadi 3, kwenye 80 ishuke hadi 0.2–0.4. Ikikwama juu, kompyuta inaamini injini ni ya baridi na inamwaga petroli.

*Fundi wangu ameunganisha FP na +B (matundu ya pampu na umeme kwenye kiboksi cha ukaguzi) moja kwa moja, gari imepona. Niiache hivyo?*

Toa waya huo leo. Ni wa kupimia tu. Ukipinduka porini na swichi iko on, injini itazima lakini pampu itaendelea kusukuma petroli.