Namna ya Kuandika Historia Fupi ya Jinja, Mji wa Mtoni

Anza na jiwe. Ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kisoga na Kiganda, na miamba ndiyo iliyouzaa mji huu wa Uganda: hapo maji ya Ziwa Victoria yalipita kwa kishindo yakawa Mto Naili, ambao Wasoga, wenyeji wa hapo, huuita Kiyira. Wengi huanza na John Hanning Speke, mvumbuzi wa Kiingereza, aliyefika Julai 1862 na kuyaita maporomoko Ripon. Mpe sentensi moja.

Kosa linalorudiwa mno ni kuchanganya maporomoko mawili. Ripon yalikuwa mlangoni mwa ziwa. Owen yalikuwa chini yake, kilomita chache, na huko ndiko bwawa lilikojengwa. Lilifunguliwa 1954, maji yakapanda yakaifunika Ripon. Leo bwawa linaitwa Nalubaale, jina la Kiganda la ziwa. Ukilitembelea usipige picha bila ruhusa, kuna walinzi.

Sasa chukua daftari uende Main Street asubuhi, kabla bidhaa hazijajaa barazani. Simama ng'ambo ya barabara, inua macho: kwenye kuta za mbele za majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi, juu kabisa, mara nyingi utakuta jina na mwaka vimechorwa kwa saruji. Chora safu tatu: jina, mwaka, mtaa. Mwaka huo ni wa jengo tu. Ukiuandika kuwa ndio familia ilipofika, umepotosha. Kisha eleza 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Bila hiyo, msomaji hataelewa kwa nini jina la ukutani si la mwenye duka, na ni jambo zito, lipe aya nzima.

Reli husahaulika. Ya kwanza, ya 1912, haikwenda Kampala. Ilikwenda Namasagali, ili mizigo ikapakiwe melini kuelekea Ziwa Kyoga, kwa kuwa mto kati ya Jinja na Namasagali haupitiki kwa meli. Reli ya Kampala ilikuja 1931.

Kwa wazee, usiulize "Zamani palikuwaje?" Utajibiwa palikuwa pazuri, basi. Msalimu jaja (babu au bibi) kwanza, kaa, halafu uliza kinachoshikika: king'ora cha kiwanda kililia saa ngapi? Mshahara ulitoka lini? Viwanda vilifuata umeme wa bwawa, na tabia ya mji ilijengwa na zamu zake.

Daraja jipya la 2018, lenye mita 525, liweke mwisho, pamoja na kazi lililoipunguzia barabara ya juu ya bwawa.